Vidole vya Polepole

Mdogo wangu tunamwita Polepole, na wala hakasiriki. Kazi yake ni kukagua lifti ya mkono kwenye ukumbi wa mikutano, lile jukwaa dogo ambalo fundi anasimama juu yake, mwenzake anazungusha mpini chini, na waya wa chuma unalivuta mpaka darini. Kila mwezi anajaribu breki, anakaza nati, anapaka grisi, halafu anapitisha vidole kwenye waya. Uzi mmoja wa chuma ukikatika unamchoma, naye anaubadilisha waya mzima. Waliwahi kumwambia atumie kitambaa, kwamba palipokatika patanasa nguo. Alicheka.

"Kitambaa ni cha wavivu. Kidole hakidanganyi."

Sifa anazo, sikatai. Mkewe alifariki binti yao bado ananyonya, akamlea mwenyewe, mimi dada mtu nikimsaidia kwa mikono na kwa mdomo. Mdomo wangu hauna breki, na hakuna anayeukagua. Binti sasa ni mpaka rangi palepale ukumbini, na hapandi lifti ile mpaka baba yake aseme iko sawa.

Leo asubuhi nilikuwa nachemsha uji. Polepole akaingia jikoni, akaishika sufuria kwa mikono mitupu, akaibeba taratibu kama kawaida yake mpaka mezani.

"Weee! Una wazimu? Imetoka motoni sasa hivi!"

"Mbona haina moto, dada?"

Nikamgeuza viganja. Vidole vilikuwa na mikwaruzo mibichi, na sasa vimeanza kutoka malengelenge, naye anavitazama kama vya mtu mwingine.

Hapo nikakumbuka kandambili. Juzijuzi alirudi nyumbani amevaa moja, mguu wa pili peku, umejaa vumbi. Hakujua ilimvuka wapi. Nilimcheka, nikasema uzee umebisha hodi. Kumbe nilikuwa nacheka msiba.

"Ile lifti umeikagua lini?"

"Jana. Waya safi kabisa, haujawahi kuwa laini vile."

Binti alishaondoka, na leo anapaka dari.

Nikazima jiko, nikamvuta tukatoka. Njia nzima analalamika kwamba namkimbiza bure, eti haraka haraka haina baraka. Nikamwambia anyamaze.

Tulimkuta binti juu kabisa, anapaka huku anaimba. Chini yake fundi umeme, anayemsaidia kumpandisha na kumshusha, alikuwa ameshashika mpini.

"Usiguse!" nikapiga kelele. "Usizungushe chochote!"

"Dada, unaniaibisha kazini." Polepole alikuwa amekasirika kweli. Akausogelea waya, akapitisha vidole kuanzia juu ya kichwa chake mpaka kwenye winchi ya mpini unakojiviringisha, bila haraka. "Laini. Si unaona? Laini."

Akanyoosha mkono anionyeshe. Damu ilikuwa inatiririka kwenye vidole vitatu mpaka kiganjani. Pale alipopitisha, nyuzi za chuma zilikuwa zimesimama kama miiba, na kipande cha ngozi yake kimenasa.

"Baba, niteremshe, rangi imeisha," binti akaita. Akasogea ukingoni, jukwaa likalia.

Polepole akaitazama damu, akautazama waya, akainua macho.

"Mwanangu, usisogee," akasema. "Kaa chini hapo hapo, taratibu. Baba amekosea."

Binti akaweka brashi chini. Akakaa. Fundi umeme akatoka mbio kutafuta ngazi ndefu, na mlango ukajibamiza nyuma yake.

Niliogopa, sifichi. Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nilivua mtandio wangu nikaanza kumfunga vile vidole. Nikakaza kwa nguvu zangu zote, juu ya malengelenge, juu ya vidonda, nikimwomba Mungu mdogo wangu apige kelele, anitukane, anisukume.

Aliendelea kutazama juu tu.