Kimeo cha Gari la Mama Sabra

Kibwana alikuwa fundi wa magari ya dizeli pale Bigwa, mwanzo kabisa wa barabara inayopanda kwenda Kinole, na kwa miaka ishirini na miwili watu walimjua kwa mambo mawili: mikono yake ilikuwa mizuri, na mdomo wake ulikuwa haufanyi kazi. Alimaliza darasa la saba, akaingia uvunguni mwa lori, na ungedhani hajatoka huko mpaka leo. Mteja akimsalimia, alijibu kwa kuinua spana. Akiwa na neno refu la kusema, alimwandikia mteja ujumbe wa simu, hata kama mteja mwenyewe amekaa kwenye benchi hatua tano kutoka pale.

Kwa wanawake hali ilikuwa mbaya zaidi, na kwa Mama Sabra haikuwa na dawa.

Mama Sabra, jina lake hasa Mwanvita, alikuwa mjane wa Kilakala na mpishi wa shughuli. Alikuwa na kipanya cha dizeli alichokiendesha mwenyewe, akibebea masufuria, viti na sahani za udongo za kukodisha. Miaka saba alikileta kwa Kibwana, na miaka saba Kibwana alikuwa amekusudia kumwambia kwamba yeye naye hana mtu, na kwamba nyumba yake ina vyumba viwili na kimoja kinalala baiskeli. Kila mara aliishia kusema, "Oili nimebadilisha."

Basi Jumatatu moja kipanya kiliingia gereji kikivutwa kwa kamba. Kilikuwa kinapeleka viti vya harusi Kinole. Kilipofika mlima wa pili kikakohoa, kikatema moshi mweusi kama tanuri la mkaa, kikazima. Wanawake wa harusi wakashusha viti, wakabeba vichwani huku wanaimba. Nyimbo zenyewe zilimhusu mwenye gari.

"Fundi," Mama Sabra alisema, bado ana hasira, "kama inatengenezeka, nitengenezee. Kama imekwisha, niambie ukweli. Kuna mtu wa Dumila kila siku ananisumbua nimuuzie. Neno lako wewe ndilo nitakalolifuata."

Kibwana akainua spana. Moyoni alikuwa ameelewa vizuri kabisa: gari likienda Dumila, Mama Sabra hatakuwa na sababu tena ya kukanyaga Bigwa.

Jumatano asubuhi, injini ikiwa imepoa, alichomoa waya wa betri, akachomoa plagi ya umeme, akafungua boliti nne na kutoa valvu ya EGR. Kazi ya valvu hiyo ni kuchukua sehemu ya moshi unaotoka kwenye injini na kuurudisha ndani uchomwe tena, ili gari lisichafue hewa sana. Ni jambo jema. Lakini moshi una masizi, na masizi yakikutana na mvuke wa oili huganda kama ukoko wa sufuria iliyosahauliwa jikoni. Valvu hukwama ikiwa wazi, moshi unaingia kupita kiasi, na injini inakosa hewa. Mafundi wa Bigwa waliiita kimeo, kwa sababu inakaa kwenye koo la injini, na ikivimba gari hukohoa kama mtoto.

Kimeo hiki kilikuwa kimevimba hasa. Tundu ambalo kidole gumba kingepita, sasa hata njiti ya kiberiti ingeomba njia.

Twalibu, fundi wa breki wa gereji ya jirani, alikuja kuchungulia.

"Kaka, unajitesa bure. Kata kipande cha bati, ziba hapo, gari itapaa. Injini gani hii inakula moshi wake yenyewe?"

"Imezaliwa nacho," alisema Kibwana, na kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Furaha ilimjaa. Gari lilikuwa zima! Ugonjwa ulikuwa kimeo tu, kitu cha kumalizwa kabla ya adhuhuri. Akafuta kidole kimoja kwenye suruali, akachukua simu yake ya kitochi, akamwandikia Mama Sabra: "Gari yako kimeo. Njoo mchana." Akausoma ujumbe mara mbili. Akaona ameandika mengi, lakini akautuma hivyohivyo.

Kisha akashika kazi. Alikwangua kwa kijiti cha mwanzi, maana bisibisi huacha mikwaruzo. Akapuliza dawa ya kusafishia kabureta, akasugua kwa mswaki mkuukuu, akapuliza tena, huku upande wenye umeme ameufunga mfuko wa plastiki usilowe. Maji meusi yalimchuruzika mpaka kwenye viwiko. Alipomaliza alisukuma pini kwa kidole. Ikazama, ikarudi yenyewe, tak. Akaisukuma tena kwa ajili ya kuisikia tu.

Saa nane Mama Sabra akaingia, na nyuma yake mwanamume mnene mwenye kofia ya kitambaa.

"Huyu ni Bwana Castory wa Dumila," alisema Mama Sabra, macho yamemwiva. "Nilimpigia palepale nilipopata ujumbe wako. Ahsante kwa kuniambia ukweli, fundi. Nilikuwa namenya vitunguu saumu, nikaacha nikalia kidogo. Lakini neno lako ni neno. Kimeo ni kimeo, gari bovu halina dawa. Nauza."

Kibwana akaiokota valvu iliyosafishwa.

Castory alikuwa anazunguka gari akigonga mabati. "Mtani wangu," akamwambia Kibwana, "mimi Mkaguru sijawahi kuona. Gari la Mluguru linaogopa mlima! Si mlilizaa ninyi milimani?"

"Si..." alisema Kibwana.

"Si nini?"

"Si kimeo."

"Umeniandikia mwenyewe kimeo!" Mama Sabra akatoa simu. "Hii hapa. 'Gari yako kimeo.' Au ni mwingine ameshika simu yako?"

Twalibu, aliyekuwa amerudi kuchungulia, alikuwa ameshika tumbo kwa kicheko, hana msaada wowote. Kibwana alitazama chini, akatazama juu, kisha akainua ile valvu mbele ya uso wa Mama Sabra kama mtu anayeonyesha kitambulisho.

"Kimeo ni hiki."

Mama Sabra akakitazama. "Kwa hiyo gari si kimeo. Ina kimeo."

"Ina kimeo."

"Kama cha mtoto?"

"Kama cha mtoto. Kilivimba."

"Umekikata?"

"Hakikatwi. Nimekisafisha."

"Mwanamume wewe!" Mama Sabra akaketi kwenye benchi. "Herufi mbili tu. Ungeweka 'ina' hapo katikati, nisingemtoa mtu Dumila."

"Ni herufi tatu, mama," alisema Twalibu.

"Wewe nyamaza."

Lakini Castory hakuwa mtu wa kurudi mikono mitupu. Alisema kimeo au si kimeo, gari lililozimika mbele ya harusi litazimika tena, na yeye yuko tayari kulichukua leo, amwondolee mwenye gari aibu. Mama Sabra akazikumbuka zile nyimbo. Akainuka.

"Funga kitu chako, fundi. Tunapanda palepale liliponizimikia. Likipita, nabaki nalo. Likikohoa mpaka likazima, Bwana Castory anaondoka nalo leo hii."

Kibwana akafunga valvu na gasketi mpya, akakaza boliti moja moja, akarudisha plagi na betri. Injini ikawaka, ikanguruma vizuri. Mama Sabra akashika usukani, Kibwana akakaa pembeni yake, na Castory nyuma, juu ya sufuria tupu la pilau lililopinduliwa.

Mlima wa kwanza waliupita. Wa pili, Mama Sabra aliuanza kama kawaida yake, polepole, mguu umegusa tu mafuta, kama kwamba nyuma kuna sahani mia tatu. Gari likakohoa. Likakohoa tena.

"Haya, linaniita," alisema Castory kutoka nyuma.

Kibwana alijua tatizo. Masizi yaliyobaki ndani ya mabomba yalihitaji kuchomwa, na hayachomwi kwa kubembelezwa. Alijua pia kitu kingine, ambacho alikuwa anakijua kwa miaka saba: aliyekivimbisha kimeo ni dereva mwenyewe.

"Ka..." alinong'ona.

"Unasemaje?"

"Kanya..."

Gari lilikuwa karibu kusimama.

"Kanyaga, Mwanvita! Kanyaga mafuta!"

Mama Sabra alishtuka, mguu ukazama mpaka chini. Gari likapiga kelele, likatoa wingu jeusi lililomfunika mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi kando ya barabara. Alisikika ndani ya wingu akiwatukana kwa Kiluguru, wazi kabisa, na ukoo wao wote. Halafu moshi ukawa kijivu, ukapotea, na gari likapanda kama limesukumwa mgongoni. Castory alibiringika na sufuria lake mpaka mlango wa nyuma.

Juu kabisa Mama Sabra akasimamisha. Hakuzima injini. Ilikuwa inaunguruma sawasawa.

"Umeniita Mwanvita," alisema.

"Ilikuwa dharura."

"Na kwa nini lilikuwa linaziba?"

Kibwana akaonyesha pedeli ya mafuta. "Unaliendesha polepole mno. Halipati joto, masizi yanaganda. Ukishashusha sahani, lilete mlimani likimbie."

"Miaka saba hukuniambia?"

"Nilikuwa najiandaa."

Castory, akijipangusa, alisema anaongeza bei.

"Siuzi, Bwana Castory. Nitakurudisha stendi na nauli yako nalipa mimi." Kisha akamgeukia Kibwana. "Nililete tena lini kusafishwa?"

Fundi mwaminifu alijua jibu. "Miezi sita."

Ilikuwa miezi mingi, hata yeye aliiona.

"Ila kukagua," aliongeza, "naweza kuja mwenyewe. Kila Ijumaa."

"Kukagua gari?"

"Gari," alisema Kibwana, "na mwenye gari."

Nyuma, Castory alisahau maumivu yake akacheka. Mama Sabra aliingiza gia, akatazama kioo cha pembeni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ijumaa napika wali wa nazi," alisema. "Sitaki mtu anikalie mkekani na mikono hiyo."

Kibwana akaitazama mikono yake. Ilikuwa myeusi mpaka viwikoni, na leo ilikuwa tayari Jumatano jioni.