Namba Chini ya Bawa

Asifiwe Mungu aliyeumba anga kabla sisi hatujaijaza moto, anayenipa pumzi kila asubuhi hapa Keshero, mtaa wa Goma. Nikishamshukuru, nieleze habari ya mdogo wangu.

Alikuwa rubani wa ndege ya vita. Siku moja vitani yeye na mwenzake waliruka, kila mtu na ndege yake, na hakuna aliyerudi. Ndege moja ilianguka ziwani, nyingine milimani juu ya mji wa Kiwanja. Ipi ilikuwa ya nani, hatukuambiwa. Kwetu matanga hayamalizwi kabla familia haijajua marehemu amelala wapi, kwa hiyo mke wake, shemeji yangu, angali katika kilio mpaka leo. Ana picha moja tu: mume wake anacheka kando ya ndege, namba ikisomeka mkiani na chini ya bawa.

“Muzee, unitafutie hii namba,” aliniambia mwaka huu, “mbele ya kufa kwangu.”

Nilichukua pikipiki mpaka Kiwanja. Nikaelekezwa kwa mama mmoja anayeanika maharagi juu ya bati nene lililoshushwa kutoka mlimani.

“Papa, unatafuta ndege? Unataka kufika mbinguni mbio? Sali tu, utafika!”

Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Kisha akakusanya maharagi, tukaligeuza bati. Lilikuwa kipande cha bawa. Zamani wanakijiji walisugua rangi kwa majivu na jiwe la lava, wakiogopa kushikwa na mali ya jeshi. Upande ule wa chini walichoka kabla ya kumaliza. Namba ilibaki, hafifu, ile ile ya picha.

“Na mukia?”

“Mukia? Mafundi waliuyeyusha. Ulishakuwa masufuria, papa. Pengine majani ya sombe uliyokula leo yalipikwa ndani yake.”

Sikujali. Nilipiga magoti palepale, kisha nikampigia shemeji simu: mume wake yuko mlimani. Akalia, akawaita ndugu walio kule Masisi waje tumalize matanga.

Niliporudi Goma nilipita mtaa wa Katindo kwa mzee aliyekuwa fundi wa ndege zile, nipate neno lake la mwisho. Aliitazama picha, akatazama na ile niliyopiga kwa simu.

“Muzee, nisikudanganye. Bawa si ndege. Vipuri vilikuwa vinakosa. Moja ikiharibika, tulitoa bawa lake, tukaliweka kwa ingine, rangi tukaiacha vile vile. Hizo mbili zilizoanguka zilikuwa zinaazimana mabawa kila mara. Mukia tu ndiyo hatukugusa.”

“Mukia ulishakuwa masufuria.”

Akanirudishia picha. “Basi tumuachie Mungu.”

Nilimkuta shemeji anafagia uwanja kwa ajili ya wageni. Nikamweleza yote.

“Kwa hiyo niko palepale?”

“Uko palepale, mama.”

“Na wewe unaona ni ziwa ao ni mulima?”

Neno moja lingetosha kumpumzisha. Lakini nimefundishwa kutosema nisilolijua, hata kwa huruma.

“Sijui,” nikamjibu.

Akaegemeza ufagio ukutani, akaingia ndani. Mimi nikakaa uwanjani nikiwapigia ndugu simu, mmoja baada ya mwingine, kuwaambia wasije. Namshukuru Mungu kwa yote. Jibu silitazamii tena katika maisha haya.

Wewe unayesoma, Bwana akujalie kujua walipolala watu wako, na pale usipojua, akae nawe katika kutojua huko. Amina.