Mstari wa Baiskeli ya Kerrow

Kerrow alikuwa fundi cherehani mjini Garissa, na mdomo wake ulifanya kazi kuliko sindano yake. Mwaka ule wa sitini na sita, vita vya serikali na waasi walioitwa shifta vikiwa vimepamba moto, alijiona mwanamume huru peke yake mjini. Binamu yake Nuh alikuwa na Lendirova, lakini kuitoa nje ya mji ilibidi aombe kibali, angoje msafara wa askari, kisha akaguliwe hadi chini ya viti.

"Gari lako au la serikali?" Kerrow alimtania. "Mimi nikitaka kwenda, nakanyaga tu."

Kweli alikwenda. Baiskeli yake ilipita vichakani wanakopita mbuzi, wala haikuuliza petroli. Ndiyo iliyomfikisha kwa mama yake, Shamis, aliyejificha porini na ngamia wake. Wafugaji wote walikuwa wameamriwa kuhamia vijiji vilivyozungushiwa seng'enge, na ngamia waliokutwa nje walipigwa risasi. Shamis alikataa katakata. Ngamia wale walikuwa wamemlisha tangu afiwe na mumewe, na bila wao angebaki kuombaomba unga.

Sharti lake lilikuwa moja. Anayekuja aje kwa miguu mbele ya ngamia wakirudi, na anayeondoka awatangulie wakitoka, ili wazikanyage nyayo zake zipotee.

"Hicho chuma kiache mjini," alimwambia mwanawe. "Kinachora ardhi."

"Hooyo, mama yangu, nilinunua baiskeli nisimfuate mtu. Sasa nifuatwe na ngamia?"

Kiburi kitupu, nami simtetei hata kidogo. Mvua ya kwanza iliponyesha alimpelekea sukari na majani ya chai, akalala huko. Asubuhi ngamia walitoka yeye akiwa bado anakunywa chai. Alipomaliza akapanda baiskeli, akarudi mjini akipiga mluzi juu ya mchanga mbichi. Nyuma yake hapakupita mnyama yeyote.

Askari waliuona mstari ule kando ya mji. Hawakuhitaji hata mtu wa kusoma nyayo. Upande mmoja ulikwenda porini, upande wa pili uliishia kwenye cherehani ya Kerrow. Walimtupa nyuma ya gari pamoja na baiskeli yake, wakaufuata kama watu wanaokwenda sokoni.

Walipofika kwa Shamis walianza kufyatua risasi, wa kwanza ngamia jike mwenye ndama. Shamis hakulia. Aliutazama mstari wa tairi, akamtazama mwanawe.

"Leo umekuja kwa gari," alisema.

Walipomaliza ngamia wote, walimpeleka Shamis nyuma ya seng'enge. Kerrow alingoja pingu. Lakini mkubwa wao aliishusha baiskeli mwenyewe, akabonyeza magurudumu, akaagiza yajazwe upepo.

"Nenda utakako," alimwambia. "Wewe huhitaji kibali. Salimia jamaa zako wote."

Habari zilienea upesi kwamba mstari wa baiskeli yake huleta askari. Kila alikokwenda porini alikuta majivu ya moto na watu wamehama. Hatimaye akaenda kwenye kijiji cha seng'enge, akaegemeza baiskeli kwenye kibanda cha mama yake.

Shamis alitoka. Alichukua tawi la mwiba, akafuta alama ya tairi kuanzia mlangoni pake hadi langoni, polepole, watu wakitazama. Kisha akarudi ndani, akafunga.