Kumi Baada ya Mwisho

Asubuhi yao ya mwisho ya kawaida, Kheiria alikunywa chai ya maziwa kwa mkate wa ufuta, fletini kwao Darsait, Maskati, akafuta lenzi ya kamera kwa kitambaa cha miwani ya mumewe. Nasr akanuna.

"Kitambaa changu hicho."

"Macho yako hayaoni hata ukiyafutia nini. Jicho hili ndilo linalotulisha."

Akacheka, akaibeba kamera, huyo Qantab, kijiji cha pwani.

Miaka ishirini na mbili alipiga picha za habari za televisheni. Nasr hakusoma, lakini kazi ya mkewe aliijua kwa kuisikiliza jikoni. Kabla mtu hajasema, kamera ikirekodi, Kheiria huhesabu kumi. Mtu akishamaliza, huhesabu kumi tena ndipo azime. "Picha bila mkia mhariri ataishika wapi?" akisema. Na kamera yake ilirekodi kwenye kadi mbili, moja ya ofisi, moja ya akiba.

Siku ile alikwenda na ripota Wael. Wael akamuuliza Bibi Balqis, mjane wa Qantab: "Utawauzia watu wa hoteli nyumba yako?"

"Hapana, wallahi. Hata siku moja." Bibi akaingia zake ndani.

Kamera ilikuwa moja, basi Wael akasimama apigwe picha yeye sasa, aulize upya, ili swali na jibu viungwe baadaye. Ndivyo wafanyavyo. Ila yeye aliuliza jengine: "Kuna mtu aliyekutishia uuze?"

Jioni, kwenye habari, watu wakamwona Bibi Balqis akilijibu swali hilo hapana, wallahi, hata siku moja. Na alitishiwa mara mbili, mtaa mzima unajua. Majirani wakasema kahongwa, wakamnyima salamu. Bibi alipolalamika kituoni, Wael akaifuta kadi ya ofisi, akasema mpiga picha ndiye aliyechanganya. Kheiria akaachishwa kazi. Akaichukua kadi ya akiba, ambayo Wael hakuijua, akampelekea mkuu wa habari, Bi Khulood. Mlangoni akaambiwa hana nafasi.

Akaifunga kwenye pembe ya kanga. "Mwachie Mungu, Nasr."

Miezi mitatu, akafa.

Nasr hakumwachia Mungu. Chuki aliilea kama kitindamimba, akiamka nayo, akinywa nayo chai. Mpaka Wael mwenyewe akapiga simu: wanatengeneza kipindi kifupi cha kumkumbuka marehemu.

"Karibu," akasema Nasr. "Ila uje na Bi Khulood. Nnataka kumpa mkono."

Wakaja na kamera, na skrini ndogo ya waya ya kutazamia picha. Bibi Balqis keshakaa kwenye kochi, kajitanda. Wael alipomwona akaenda kukaa mbali naye. Akauliza maswali yake. Nasr akamjibu neno moja moja.

"Babu, tupe basi picha zake za zamani, za kufunikia maneno. Maneno yenyewe haba hivi, tutaonyesha nini?"

"Nnayo moja." Nasr akafungua pembe ya kanga, akampa kadi Enos, Mkenya aliyerithi kamera ya Kheiria. "Itie kwenye skrini hiyo. Mwisho wake, baba. Nnataka mkia."

"Sawa, mzee."

Kwenye skrini Wael akauliza lile swali la pili, la vitisho. Kisha sauti yake, anacheka: "Tunabadilisha swali tu. Bibi kizee kama yule hata TV hana, atajuaje?"

Wael akarukia waya. Bi Khulood akamshika mkono. "Kaa chini."

"TV nnayo, mwanangu," akasema Bibi Balqis. "Inchi hamsini."

Nasr hakutazama skrini. Alimtazama Wael usoni, jasho linavyomtoka, na ilikuwa tamu kuliko halwa. Midomo ya Nasr ikihesabu. Nane. Tisa. Kumi. Ndipo ikatoka sauti ya Kheiria nyuma ya kamera, taratibu, kama anayeomba chumvi:

"Wael, mwanangu, mbona wayasema hayo na mie sijazima?"