Paa la Buabua

Shangazi yangu, ambaye mjini wanamwita Chekeche kwa sababu hakuna neno linalompita bila kuchujwa, alianika dagaa kwenye vichanja nyuma ya soko la samaki, na adui yake alikuwa shakwe. Wasiomjua shakwe humwona mweupe wakamsifu. Ni kibaka mwenye mabawa. Akiiba dagaa mmoja, hunyea kumi, na hasara ni ileile. Shangazi alijaribu kugonga makopo, akajaribu vitambaa vyekundu, mwisho akaleta paka. Paka akala dagaa, akashiba, akalala.

Siku moja mwenye ghala, mnunuzi wake pekee wa jumla, alifungua gunia mbele ya watu akatoa dagaa mwenye doa jeupe.

"Chekeche, hii nini?"

"Chokaa."

"Chokaa gani inanuka hivi? Nikikuta tena mzigo mchafu, mimi na wewe basi. Wenzako kila siku wananibembeleza."

Hakumbishia. Mnunuzi akishakuonyesha mlango, ukimlilia unamfundisha kushusha bei. Alichohitaji ni mahali pengine pa kuanika, tena upesi.

Kando ya soko kulikuwa na kiwanda cha barafu chenye paa bapa la zege, jua la kutwa na upepo wa bure. Hakuna aliyelitaka. Kila mwaka buabua walitaga kwenye kokoto za upande mmoja, pale pale ngazi inapotokea. Buabua ni mdogo kuliko shakwe, ana kofia nyeusi na mkia wa panda, na hasira za mama mkwe aliyenyimwa kiti. Fundi wa matangi alipanda mara moja, akashuka ameshika kichwa, damu inachuruzika.

Shangazi alikaa kivulini asubuhi nzima akitazama juu. Aliona kwamba buabua hujivulia mwenyewe samaki wabichi majini. Cha mtu kilichokauka hana habari nacho. Na shakwe, ambaye ni mlafi wa mayai, akilisogelea tu paa lile, buabua wote huinuka wakamtwanga mpaka arudi sokoni. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Vita vya ndege, akasema moyoni, furaha yangu.

Akaenda kwa mwenye kiwanda.

"Baba, nipangishe paa lako."

Yule mzee akacheka mpaka akavua miwani. "Bibi wee, paa lina wenyewe lile. Ngoja basi niwafukuze kwanza."

"Usijisumbue. Ukiwafukuza litakuwa safi, utanipandishia bei. Mimi shida imenifika shingoni, nitavumilia hivyo hivyo."

"Watakutoboa kichwa!"

"Kichwa si chako. Taja bei ya paa bovu."

Mzee akataja. Mzee alipotaka kumsindikiza, shangazi akamshikia kiti ainuke, akaaga kwa adabu zote, akaanza kuondoka. Akaitwa mlangoni. Alipotoka alikuwa amelipata paa kwa nusu ya bei ile, mwaka mzima, na ruhusa ya kuweka ngazi yake upande wa pili, mbali na viota.

Sokoni wakamkejeli. "Chekeche, sasa utauza dagaa au kofia?"

"Kofia nitawauzia nyinyi," akajibu, akapanda na fagio amelisimamisha juu ya kichwa. Buabua hupiga kilicho juu kabisa, kwa hiyo fagio ndilo lililopigwa. Akapanga vichanja vyake ukingoni, hakugusa kokoto zao. Baada ya siku chache walimzoea, hata hawakuinuka tena.

Mwenye ghala alisikia kichekesho hicho, akaja mwenyewe kushuhudia mwanamke anavyofilisika. Akapanda ngazi amejifunika sinia kichwani, anahema. Akageuza dagaa, akanusa, akatafuna mmoja. Wakavu, wanang'aa, bila doa. Mara kundi la shakwe likatokea. Buabua wakalipuka kutoka kwenye kokoto kama waliorushwa, wakawafuata kwa makelele, na shakwe wakashuka wote sokoni, juu ya vichanja vya wale wale waliokuwa wakimbembeleza. Kule chini watu wakaanza kurusha ndala.

"Nachukua wote," akasema mwenye ghala.

"Karibu. Ila bei imepanda."

"Kwa nini? Dagaa si wale wale?"

"Dagaa ndio, mnunuzi siye. Mtu asiye na shida hapandi ngazi na sinia kichwani."

Akatazama chini, akatazama vichanja, akakuna shingo. "Chekeche, nipunguzie basi kidogo."

"Bei sigusi. Lakini wewe ni mteja wangu: shuka taratibu, nitakushikia ngazi."

Akalipa. Makinda yalipoota mbawa, buabua waliondoka bila kuaga, na shangazi hakuwalilia. Kwa faida ile alikwishanunua wavu mpya wa kufunika paa zima, shakwe wasiguse kitu. Siku hizi wachuuzi wenzake wanaanika humo humo juu, na kodi wanampa yeye.