Nafasi Moja Kando ya Nyota

Mpaka leo, nikisikia harufu ya karatasi iliyotoka sasa hivi kwenye mashine, ingali na joto, ninajikuta tena mtaani Kasulo, katika duka dogo la papa, baba yangu. Papa alikuwa anachapa barua za watu, anatoa fotokopi na kuwatunzia picha zao. Kompyuta yetu ilikuwa ya zamani. Virusi viliiua mara mbili, ndipo fundi mmoja akaiwekea Linux, na tangu siku ile kila jambo tuliliomba kwa kuandika maneno kwenye dirisha jeusi.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, na mkono wa kuume wa papa nilikuwa mimi, mpaka alipokuja Yaya Sidonie. Alikuwa binti wa mdogo wake papa, ameletwa kutoka Sandoa kusoma kwetu, akinizidi miaka miwili, ndiyo maana nilimwita Yaya, dada mkubwa. Siku moja nilishinda asubuhi nzima nikibadilisha majina ya picha za komunyo, moja moja, mpaka kidole kikaniuma. Sidonie akaandika mstari mmoja, akabonyeza, na zote zilizobaki zikapata majina mapya kabla sijainuka kitini.

Papa alicheka kwa furaha. "Ona mwenzako," akaniambia. "Mustari moya tu, kazi inaisha."

Wivu wangu ulikaa tumboni, mzito kama bukari, ugali wetu, iliyolala. Nilichukia hata namna alivyofunga kitambaa chake cha kichwa. Alipojitolea kunifundisha, nilimjibu kwamba nilikuwa ninajua tayari.

Basi papa, kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri, akaniagiza ninakili mistari ya Sidonie kutoka daftari lake kwenye kipande cha kartoni, tukibandike ukutani. Kulikuwa na `ls | wc -l`, wa kuhesabu mafaili. Kulikuwa na `rm *.tmp`, wa kufuta takataka zilizoachwa na programu. Nilipofika kwenye huo, niliacha nafasi kati ya nyota na nukta. Nilitaka mstari ukatae tu, Sidonie apate haya mbele ya wateja. Sikujua kwamba kwa mashine ile, nyota ikisimama peke yake, maana yake ni kila kitu.

Siku ya tatu Sidonie alikuwa anasafisha folda ya Mama Kabedi, mjane jirani yetu. Picha za marehemu mume wake zilikuwa kwetu tu, maana simu yake ilikuwa imekwisha kuanguka majini. Sidonie akatazama kartoni, akaandika haraka alichokiona, akabonyeza. Mashine ikalalamika kwamba haioni faili linaloitwa `.tmp`. Mengine yote yalikuwa yamekwenda.

Alitazama tena kartoni ukutani, kwenye ile nafasi. Kisha akanitazama mimi. Papa alipokuja mbio, Sidonie alikuwa ameinamisha kichwa.

"Ni mi nilikosea, baba mukubwa," akasema. "Nilifinya mubaya."

Papa alimkataza kugusa kompyuta mwaka mzima. Fundi aliokoa picha moja: mume wa Mama Kabedi anacheka, na kuanzia kifuani kwenda chini ni rangi ya kijivu tupu. Mama Kabedi aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Mimi nikarudishiwa kiti changu, na kwa siku chache nilikuwa na furaha, naona haya kulisema.

Kwa miaka mingi nilidhani Sidonie alinifichia kosa langu kwa sababu alinipenda. Hata nikamwonea fahari. Kisha nikaenda Lubumbashi kusoma, nikakaa kwa shangazi yangu, na jioni moja mtoto wake alivunja sahani akasema ni mimi. Nilifungua mdomo nijitetee. Nikaangalia mkeka niliolalia, na sahani waliyokuwa wananipakulia chakula, nikaomba msamaha.

Hapo ndipo nilipojua Sidonie alikuwa anafikiri nini alipokuwa anaangalia ule ukuta. Mimi nilimwonea wivu kwa sababu ya kompyuta ya papa. Yeye, aliyekuwa anakula na kulala kwetu, hakuwa hata na ruhusa ya kunishitaki.