Rimu za Kumi na Saba na Jicho la Mama

Nakumbuka Jumamosi moja asubuhi, mwanangu, nilipotoka mtaa wa Obunga, hapa Kisumu, nikiendesha gari polepole kuliko mtu anayesindikiza maiti. Barabara haikuwa mbaya. Nilitaka tu watu wanione.

Gari lenyewe lilikuwa la kawaida, la milango minne, rangi ya kijivu. Mimi na mke wangu Atieno tulilinunua baada ya kujinyima miaka sita, ili watoto wetu wawili waache kunyeshewa wakienda shule. Lilikuja na magurudumu ya chuma ya inchi kumi na nne, yenye vifuniko vya plastiki. Atieno hakuona kasoro yoyote. Mimi niliyaona aibu. Nilikuwa karani katika duka la vifaa vya ujenzi, umri wangu miaka thelathini na moja, na wenzangu kazini walikuwa wakiniambia gari langu limevaa viatu vya mtoto. Maneno ya namna hiyo, ukiwa kijana, huingia ndani kuliko yanavyostahili. Nikatafuta rimu za inchi kumi na saba, pana, zinazong'aa, zilizozungukwa na tairi zenye ubavu mwembamba kama mkanda wa suruali.

Aliyenifungia alikuwa Mzee Wafula, fundi wa tairi, aliyetoka Bungoma zamani akajenga kibanda chake pale Obunga. Alikuwa mtu mpole. Kabla hajagusa spana aliniuliza:

"Baba Achieng, hii gari unabebanga nani?"

"Familia, Mzee."

"Watu wangapi?"

"Mimi, mama watoto, na watoto wawili. Mara moja moja mama yangu."

Akaikanda ile tairi kwa kidole gumba. "Basi hii haina nyama. Ukiingia shimo, ni chuma itagonga, na kile kishindo kitaingia kwa mwili ya mtu. Chukua kumi na tano. Hata hiyo itapendeza."

Nikacheka. "Mzee, wewe funga tu."

Alifunga. Kazi ni kazi, na gari lilikuwa langu. Lakini nilipowasha injini alikuja dirishani akasema, "Jaza watu kwanza uzunguke nao hapa karibu. Usikie kama haikwaruzi." Nilikuwa peke yangu ndani ya gari na nilikuwa na haraka ya kuonekana. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ningevunjika guu langu mwenyewe, mwanangu, leo ningekuwa nasimulia kwa kicheko.

Wiki mbili baadaye mama yangu alivuka ziwa kutoka upande wa Mbita kuja kupasuliwa jicho la kulia. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemfunika kwa miaka mingi, na lile la kushoto lilikuwa limeshapotea kabisa. Hilo la kulia ndilo lililokuwa tumaini lake lote. Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari, mama mmoja mwenye maneno machache, alimfunga bandeji akasema asiinue mzigo, asiiname, wala kichwa chake kisitikiswe. Mama yangu alikaa kwetu wiki nzima. Kisha akaanza kuulizia karanga zake shambani, na unajua wazazi wakishaanza kuulizia shamba hawakaliki tena. Daktari alikubali aende, ila kwa uangalifu, arudi baadaye kukaguliwa. Nikasema nitampeleka mwenyewe hadi Luanda Kotieno akapande feri.

Mama alikaa mbele. Atieno na watoto wakakaa nyuma, na buti tukaijaza unga, sukari na godoro. Hata mji hatujauacha, nikaanza kusikia kwa nyuma: kwaru, kwaru, kila tulipopita tuta.

"Baba Achieng, hiyo ni nini?" Atieno akauliza.

"Ni mzigo tu."

Sikudanganya, lakini nilisema nusu. Mzigo ulikuwa umelishusha gari, na zile tairi pana zilikuwa zinakula bati la juu yake.

Tulipoiacha barabara ya Bondo, lami ikaisha. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na mbele yangu niliona kidimbwi, maji ya rangi ya chai. Gari dogo lililonitangulia lilipita hapohapo likiyumba kidogo tu, nami nikafuata. Chini ya yale maji kulikuwa na shimo lenye ukingo wa jiwe. Gurudumu la kushoto la mbele lilitumbukia kwa kishindo kama nyundo juu ya chungu. Usukani ukaniruka mikononi, na kichwa cha mama kikagonga kioo cha mlango.

Hakupiga kelele. Aliweka kiganja juu ya bandeji. Watoto walikuwa wanalia, "Dani! Dani!" yaani bibi, naye akawanyooshea mkono wa pili nyuma ili waushike.

Nilishuka. Rimu ilikuwa imekunjika na tairi imepasuka ubavuni. Nikatoa gurudumu la akiba, nalo lilikuwa la kumi na nne, maana sikuwa nimelifikiria kabisa. Nilipolifunga, gari liliinama kushoto kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Nikarudi kwenye usukani. Mama akasema kwa sauti ndogo:

"Nyathina, turudi kwa daktari. Jicho linawaka moto."

Nyathina ni mtoto wangu kwa lugha yetu. Hata saa ile aliniita hivyo.

Tulirudi Kisumu kwa mwendo wa baiskeli. Daktari alimkagua, akatuambia damu imeingia ndani ya jicho. Alazwe, kichwa kikiwa kimeinuliwa, asisogee, na tungoje. Nilimuuliza kama ataona. Akasema, "Hilo sijui bado."

Tulingoja siku tisa. Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini wangu hakungoja nizeeke. Sikuweza kula. Nilitamani Atieno anigombeze, lakini hakunigombeza. Alipika uji, akaupeleka hospitalini, akamlisha mama yangu kwa kijiko, na jioni ya siku ya nne alikaa karibu nami akasema, "Hukutaka kumuumiza. Lakini mara nyingine tuulizane." Hayo tu. Mwanangu, ukipata mwenzi wa namna hiyo, mshukuru Mungu kila siku.

Siku ya tisa bandeji ikafunguliwa. Mama alipepesa kope, akanitazama kwa muda mrefu, akasema shati langu lina kifungo kimoja kilichopotea. Nilitazama. Ni kweli.

Tulipotoka alitaka kuliona gari. Alikuwa amepanda lile gari bila kujua linafananaje. Akaliendea, akasimama mbele ya mojawapo ya rimu zilizobaki nzima, akaigusa kwa ncha ya fimbo yake.

"Ni nzuri," akasema. "Inang'aa kweli. Lakini mtu akiwa ndani haioni, nyathina. Na sisi tulikuwa ndani."

Nilipiga magoti nikajifanya nakagua nati, asinione machozi.

Kesho yake nilikwenda kwa Mzee Wafula. Hakuniuliza mengi wala hakusema, "Nilikwambia." Alichukua kamba ya katani, akaizungusha kwenye gurudumu langu la zamani, akatia fundo. Kisha akaizungusha kwenye lile la kumi na saba, na kamba haikufika. Halafu akaleta la kumi na tano lenye tairi iliyonona kiasi, na fundo likakutana na ncha karibu sawasawa. "Ukiongeza chuma, unapunguza mpira," akasema, "lakini mzunguko wa gurudumu lote usibadilike. Na mpira usiishe." Nilifunga hayo ya kumi na tano. Nilipompeleka mama safari ya pili, alilala usingizi toka Kisian, nje kidogo ya Kisumu, hadi tulipoona maji ya Luanda Kotieno.

Mwanangu, nimekusikia ukiwauliza wenzako kuhusu inchi kumi na nane. Sikukatazi kulipamba gari lako. Kijana asiyependa kupendeza labda anaumwa. Ila soma kwanza kibandiko kwenye mlango wa dereva, kinachosema gari lilizaliwa na tairi za kipimo gani. Ukipanda, panda inchi moja, na gurudumu lote libaki na mzunguko uleule, la sivyo hata mshale wa mwendo utakudanganya. Jaza watu wako wote, kata usukani hadi mwisho kulia na kushoto, usikilize. Gurudumu la akiba lifanane na mengine. Fundi akikuuliza unabeba nani, zima injini umjibu taratibu, maana uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Na ulizana na mwenzio kabla, si baada.

Mungu akupe macho ya kuona mbali na sikio la kusikia mapema. Akufungulie njia za kwenda na za kurudi, na kila unayembeba ashuke mzima, akikubariki kwa jina lako. Amina.